Kaa Hawaitwi kwa Filimbi

"Mimi ndiye Jambazi wa Manane, binti wa tetemeko na mjukuu wa gharika. Siku niliyozaliwa bahari ilirudi nyuma kunipisha, na mkunga akaomba likizo. Kwarara, ndege wa kinamasi hiki, wamekuwa wekundu kwa kuazima damu yangu. Kaa wote waliomo matopeni ni askari wangu: nikipiga filimbi hii mara moja watatoka mashimoni, dume kwa jike, na kusimama mstari. Na ninyi wa jaa, wenye mlima wa nepi na magodoro, nawaambia mbele ya jua: tone lenu jeusi likigusa mikoko yangu, nitalinywa, nitalitema, na ninyi mtazama ndani ya mate yangu."

Maneno hayo aliyasema Verdine Lezama Jumanne ya karnivali, njia panda ya Bon Chance, mbele ya kijiji kizima na nusu ya kijiji cha jirani. Alikuwa amevaa kofia pana kama sinia la harusi, pindo zake zikimning'inia mpaka puani, na joho jeusi lenye mafuvu aliyoyachora mwenyewe. Mafuvu yale yalifanana zaidi na viazi. Watu walicheka, wakamrushia sarafu zao, akapita. Hakuna aliyefikiri kwamba maneno yale yangekuja kumtafuta mpaka nyumbani.

Kwetu Jambazi wa karnivali hasemi kwa unyenyekevu. Kazi yake ni kukuzuia njiani, kukupigia filimbi sikioni na kukumwagia majigambo mpaka utoe chochote ili akuache. Ana sharti moja tu. Mtu akimwambia "thibitisha," hawezi kurudi nyuma. Akirudi nyuma, au akishindwa, anavua kofia na kumkabidhi aliyemshinda. Baba yake Verdine, ambaye ndiye aliyeivaa kofia ile kwanza, alijigamba mwaka mmoja kwamba anaweza kumbeba fahali begani. Jamaa mmoja akaenda akaleta fahali. Mzee Lezama aliinama chini ya yule mnyama akajaribu kweli, akalala kitandani mpaka Pasaka. Lakini kwa kuwa fahali aliinua mguu mmoja, wazee wa njia panda waliamua kwamba kofia ibaki. Verdine alirithi kofia, joho, filimbi, na mdomo.

Siku zilizobaki za mwaka alikuwa mkamata kaa. Tulimwita Shangazi Verdine, ingawa kwa damu hakuwa shangazi wa mtu yeyote. Ungemkuta amelala kifudifudi juu ya tope, shavu chini, mkono umeingia shimoni mpaka begani, macho kayafumba. Kwa mbali ungedhani anasikiliza umbea wa ardhini. Shimo likiwa refu kuliko mkono wake, aliliziba kwa tope na majani ya mkoko, akachomeka kijiti cha alama, akaenda zake. Kaa akikosa hewa huko chini hupanda mwenyewe, na Verdine akirudi alimkuta nyuma ya kizibo kama mpangaji anayesubiri kufunguliwa mlango. Kidole chake kimoja cha mkono wa kushoto hakikuwa na ncha. "Yeye alinila mimi, na mimi nikamla yeye," alikuwa akisema. "Tofauti ni kwamba mimi nilikuwa na bizari."

Aliuza kando ya barabara kuu, kaa wamefungwa kwa kamba za mimea, mtungo baada ya mtungo, wakipepesa macho yao ya vijiti kuwatazama wateja kwa dharau.

Jaa lilianza kama shimo, wakasema litafukiwa. Likawa kilima, wakasema litasawazishwa. Sasa ni mlima, na tai weusi wanauzunguka siku nzima kama watu walioalikwa harusi wakakuta chakula kimechelewa. Mvua ikinyesha, mlima ule hutokwa na maji meusi, mazito, kama kahawa iliyosahauliwa jikoni wiki nzima. Mwaka mmoja kabla ya majigambo yale, maji hayo yalishuka mpaka mfereji tunaouita Mfereji wa Mwisho. Kaa wa pale walitoka wamelegea, magando yakining'inia kama mikono ya mlevi. Wateja walioonja walirudisha mtungo pamoja na sufuria. Msimu mzima gari lilipunguza mwendo mbele ya Verdine, dirisha likashuka, mtu akanusa, dirisha likapanda.

Basi mwenye kandarasi ya jaa akaja na dawa: bwawa la kukusanyia maji meusi, lizungushiwe tuta la udongo wa mfinyanzi. Dawa haikuwa mbaya. Kilichokuwa kibaya ni mahali. Alitaka kulichimba kwenye ule ukanda wa nyasi ulio kati ya jaa na mikoko, kwa sababu ndipo ardhi ilipokuwa laini na kazi rahisi. Na ukanda ule ndiko kaa buluu, wale wakubwa, walikojenga tangu kabla ya babu zetu kuletwa kisiwani.

Siku katapila lilipoteremshwa, Verdine alichukua kigoda chake cha jikoni akakiweka katikati ya njia ya malori, akakalia. Kesho yake Dularie Seepersad akaleta cha kwake. Dularie alikuwa jirani yake, na mshindani wake wa biashara tangu walipokuwa wasichana. Kwa miaka mingi walikuwa wameuza kaa kila mmoja hatua chache kutoka kwa mwenzake, kila mmoja akiwaambia wateja kwamba wa yule mwingine ni wembamba. Alikuja na sufuria la kaa wa mchuzi na madonge ya unga, akampakulia Verdine bila kumtazama. Baada yake wakaja wengine. Njia ikawa sebule.

Msimamizi wa kazi alikuwa Ignatius Quamina, mzaliwa wa hapa hapa Bon Chance, mtu mrefu mwenye sauti ya kengele. Naye wakati wa karnivali alikuwa Jambazi, na kwa miaka alikuwa akiitamani ile kofia.

"Shangazi," alisema siku ya kwanza, "hicho kigoda kina leseni ya barabarani?"

"Kina miguu minne kama wewe," Verdine akajibu, "lakini chenyewe kina akili."

Ikaendelea hivyo, matusi ya asubuhi na matusi ya mchana, mpaka mwenye kandarasi alipomtuma injinia wake azungumze nasi. Aliitwa Sharda Ragoonath, msichana wa mjini, mstaarabu, buti zake safi. Hakutudharau. Alichuchumaa mbele ya kigoda cha Verdine ili wawe macho kwa macho.

"Mama Lezama, bila bwawa maji yataendelea kushuka kama mwaka jana. Mimi sitaki hivyo, na wewe hutaki. Tuta hili litashindiliwa tabaka juu ya tabaka."

"Lishindilie hata kwa maombi, mwanangu. Hapo ni kwa kaa. Watalitoboa."

"Udongo ukishindiliwa vile, kaa hautoboi."

Ukweli ni kwamba Verdine hakuwa na hakika. Hakuwa amewahi kuona tuta la namna ile, wala kaa hawakuwa wamemwambia lolote. Alikuwa na hasira na alikuwa na mdomo, basi. Akainuka kwenye kigoda. "Nimesema watalitoboa. Nawajua. Ni wangu."

Quamina, aliyekuwa ameegemea lori, akajitenga nalo taratibu. Ulimwona mtu ambaye mlango aliougonga miaka yote umefunguka wenyewe.

"Ni wako, siyo? Tulikusikia njia panda. Ni askari wako, ukipiga filimbi wanatoka." Akavua kofia yake ya plastiki ya kazini. "Thibitisha."

Vijiko viliacha kugonga sahani.

"Verdine, usijibu," Dularie akanong'ona. "Karnivali imekwisha. Huyo ni mfanyakazi wa jaa, si Jambazi."

"Jambazi hana msimu," Verdine akasema. Kisha kwa Quamina, kwa sauti: "Sema masharti."

"Wakitoka, nakwenda mwenyewe kumwambia bosi apeleke bwawa lake upande wa pili wa mlima. Akinifukuza, anifukuze. Wasipotoka, unaondoa kigoda na unanipa kofia. Siku chagua wewe."

"Korpus Kristi. Baada ya misa."

Injinia Sharda alitutazama mmoja mmoja, akitafuta anayecheka. Hakumwona. Alikuwa amekuja na vipimo vya udongo, na sasa kinamasi kizima kilikuwa kimewekwa rehani juu ya filimbi ya bati.

Ujanja wa Verdine kila mtu aliuona. Mvua kubwa za kwanza zikianguka, kaa buluu hutoka mashimoni kwenda baharini kumwaga mayai, nao hutoka kwa maelfu. Na Korpus Kristi, sikukuu ya Mwili wa Kristo, ndiyo siku tunayopanda mahindi na mbaazi, kwa kuwa kufikia hapo mvua huwa imekwisha kuanza. Angewapigia filimbi watu ambao mizigo yao tayari iko mlangoni. Quamina naye aliuona. Lakini alikuwa amekwisha sema "thibitisha," na siku alikuwa amemwachia yeye.

Mwaka ule mvua haikuja.

Siku ya Korpus Kristi jua lilikuwa kali hata padri alifupisha mahubiri. Tulipanda mbegu zetu kwenye vumbi, kwa sababu desturi haijui hali ya hewa, kisha tukaenda wote kwenye ule ukanda wa nyasi. Verdine alikuja na vazi kamili. Chini ya joho lile zito jasho lilimtiririka mpaka kwenye viatu. Mashimo ya kaa yalikuwa yametapakaa mbele yetu, kila moja limezibwa kwa ndani na mwenyewe, kama maduka siku ya kilio.

Alisimama. Hakutoa majigambo. Alivuta pumzi akapiga filimbi, sauti ndefu iliyowainua tai kule jaani.

Tukasubiri.

Kisha shimo moja karibu na buti la Quamina likatoa jicho. Likatoa na la pili. Kaa mdogo, wa ukubwa wa kifungo cha koti, akasogea mpaka mlangoni. Akautazama umati wa Bon Chance, akalitazama joho, akarudi ndani.

"Askari ameuliza mshahara," mtu akasema nyuma, na kijiji kikaanguka kwa kicheko. Nilicheka na mimi. Ungekuwepo ungecheka.

Verdine alivua kofia kwa mikono miwili, akampa Quamina. Akaenda njiani, akakiinua kigoda, akakiweka kichwani, akaelekea kwake. Dularie alimfuata nyuma.

"Umeuza kinamasi kwa mdomo," Dularie akamwambia. "Mdomo wako na wa baba yako. Yeye angalau alivunjika mgongo wake mwenyewe."

Verdine alikishika kigoda kwa mikono miwili, akaendelea kutembea.

Wengine walikaa njiani mpaka jioni, lakini bila yeye vigoda vilikuwa vigoda tu. Asubuhi malori yalipita. Tuta likapanda, likazunguka, likafungwa, likang'aa kama sufuria jipya, na maji meusi yakaanza kuelekezwa ndani yake. Quamina hakuivaa ile kofia. Aliitundika kwenye kibanda chake cha kazi, na waliopita wanasema hakuipa mgongo wala uso. Verdine naye aliendelea kwenda matopeni kila alfajiri kwa njia ya mbali, asipite karibu na tuta. Sisi hatukumwacha apumzike. Kuku wa mtu akipotea, tulisema mwombeni Verdine ampigie filimbi. Umeme ukikatika, mwombeni Verdine. Alipita katikati ya maneno hayo na ndoo yake, kimya, na kimya chake ndicho kilichoanza kutukera.

Mvua ilipokuja, pamoja na kuchelewa kwake kote, haikubisha hodi. Ilianguka siku na siku, mpaka mifereji ikasahau kingo zake. Halafu, alasiri moja ya kijivu, ikapungua ikawa manyunyu, na tukasikia kitu.

Kwanza kilikuwa sauti tu. Sauti kama ya mvua ya pili inayonyesha kutoka chini kwenda juu. Watu walitoka vibarazani. Kisha ardhi ikabadilika rangi. Mbwa wangu mkali, anayemtisha hata mleta barua, alirudi nyuma mpaka akakaa juu ya miguu yangu.

Walikuwa kaa. Sijui niseme vipi. Nimewaona wakitoka kila mwaka tangu nizaliwe, lakini mwaka ule ukame ulikuwa umewazuia mashimoni mpaka wakajaa, na sasa walitoka wote kwa pamoja. Njia ilikuwa ya buluu, buluu ya chupa ya zamani, na ilikuwa ikitembea. Walipita katikati ya nyumba ya Dularie, wakaingilia mlango wa jikoni wakatokea wa mbele. Walipanda ngazi za kanisa wakashuka upande wa pili bila kusali. Kwenye duka la ramu mzee mmoja aliinua miguu juu ya stuli, akaacha kunywa, akabaki ameishika glasi kama mshumaa. Majike walibeba mayai chini ya tumbo, mafungu ya rangi ya chungwa lililoiva sana, na walikuwa wameinua miili yao juu ya ncha za miguu ili mzigo usiguse chini. Hakuna aliyeinama kumwokota hata mmoja. Kwetu anayekamata jike mwenye mayai, bibi yake hufufuka kuja kumtukana. Madereva wa malori ya jaa walizima injini mmoja baada ya mwingine, wakakaa ndani ya vichwa vya malori, madirisha wazi, wakisikiliza.

Verdine alikuwa amesimama kwenye lango la uwanja wake, mikono ameikunja, kaa wanampita huku na huku kama maji yanavyopita nguzo. Uso wake ulikuwa wa mtoto aliyeletwa kanisani kwa mara ya kwanza.

Hapo ndipo tulipomwona Quamina. Alikuja mbio juu ya ncha za vidole, akiruka, akitafuta pa kukanyaga, kama mtu anayecheza ngoma asiyoijua. Angekuwa mwingine tungecheka.

"Shangazi," alisema akihema, "njoo. Njooni wote mnaokamata kaa."

"Umekuja kusikia filimbi?"

"Tuta linavuja. Walikuwa mle ndani, Shangazi. Wamejaa mle ndani. Sasa wanatoka."

Verdine angeweza kusema kitu. Tulikuwa tumesimama pale watu wengi, na kila mmoja wetu alikuwa akimsubiri aseme, maana haki alikuwa nayo yote. Alichukua ndoo.

Tulipofika, tuta lile lililong'aa lilikuwa limegeuka chujio. Udongo laini, maji karibu, nyasi za kula mlangoni: kaa hawajawahi kujengewa nyumba nzuri namna ile. Walikuwa wakitoka pande zote mbili kwa mamia, na kwenye kila tundu la upande wa mikoko, kaa akishatoka, nyuma yake ulifuata uzi mwembamba wa maji meusi. Uzi mmoja si kitu. Lakini tuta zima lilikuwa limeanza kulia. Injinia Sharda alikuwa juu yake, kalowa mpaka mifupani, akijaribu kuliongoza katapila ambalo halikuweza kupanda. Lilipogusa tu, udongo uliteleza. Hatua chache chini ya tuta mikoko ilikuwa imesimama na mizizi yake wazi.

"Yanaingilia ndani," Verdine akasema. "Tuzibe ndani."

Akavua viatu.

"Mama, usiingie humo," injinia akasema. "Maji hayo yanababua ngozi."

"Nilisema nitayanywa. Kuyaoga ni nafuu."

Akashuka bwawani mpaka kifuani, akijishikiza kwenye ukingo. Akaingiza mkono kwenye tundu la kwanza, mpaka bega, shavu juu ya udongo, macho akayafumba, vile vile kama siku zote. Akangoja. Kaa alipotoka na kumpanda mkono mpaka shingoni na kwenda zake, ndipo akatwaa kiganja cha tope na majani ya mkoko tuliyompa, akakishindilia ndani kabisa. Maisha yake yote alikuwa akiziba mashimo ili kaa asitoke ila kwake. Siku ile aligonga kila mlango, akamsubiri mwenye nyumba aondoke, ndipo akafunga.

"Toka kwanza, baba," nilimsikia akisema. "Toka, chukua watoto."

Dularie akashuka karibu naye. Hawakuwa wamesemeshana tangu Korpus Kristi. Aliutazama mkono wa Verdine ukifanya kazi.

"Sogea huko. Unaziba kama mtu anayepaka siagi."

"Ziba wewe basi, mwenye kaa wembamba."

Wakaendelea bega kwa bega. Wakamata kaa wengine wakaingia, na sisi tusiojua kitu tukakata majani, tukachota tope, tukapasiana ndoo. Quamina aliingia na buti zake zote. Baadaye kidogo injinia naye akashuka. Nilimwona ameweka shavu lake safi juu ya tuta lake mwenyewe, mkono ndani, akisubiri kaa atoke.

Nyuzi zikapungua, zikawa chache, zikawa matone.

Hata sasa sikumbuki nani aliacha kazi kwanza. Mvua ilikuwa imekatika, na upande wa magharibi jua lilikuwa limepata ufa chini ya mawingu. Akaja kwarara mmoja. Halafu watatu. Halafu wakaja wote, kama wanavyorudi kila jioni, lakini siku ile anga lilikuwa jeusi kwa wingu na wao walipita chini yake wakiwaka, kundi juu ya kundi, wekundu ambao ukiuchora watu watasema umezidisha. Hawakulia. Ulisikika upepo wa mabawa tu. Walishuka juu ya mikoko hatua chache mbele yetu, na mti mmoja baada ya mwingine ukashika moto bila moshi. Chini yao kaa walikuwa bado wanapita katikati ya miguu yetu kuelekea baharini, na sisi tulikuwa katikati, weusi mpaka shingoni, tukinuka kuliko jaa lenyewe. Injinia Sharda alituambia baadaye kwamba kabla ya jioni ile alikuwa amewaona kwarara kwenye noti ya dola moja tu.

Ni Quamina aliyezungumza kwanza.

"Shangazi. Hukupiga filimbi."

"Sikupiga."

"Kwa hiyo hukushinda."

"Sikushinda."

Akatikisa kichwa. Asubuhi yake alikwenda kwa bosi, kama vile yeye ndiye aliyeshindwa, akamwambia bwawa lihamishwe. Injinia akaandika hivyo hivyo kwa maneno marefu, akaweka jina lake chini. Bosi aligomba, akasema upande wa pili wa mlima ni mawe matupu na kuchimba kutamla mpaka shati. Kumla kulimla, lakini bwawa lilihama. Yale maji yakavutwa kwa pampu na kuhamishiwa huko. Quamina hakufukuzwa, aliondolewa usimamizi, siku hizi anaendesha lori. Ile kofia tuliikuta asubuhi moja imetundikwa kwenye lango la Verdine, bila neno.

"Inanuka jaa," Verdine alisema, akaianika.

Nisidanganye kwamba kila kitu kilipona. Maji yaliyopita yalipita, na Mfereji wa Mwisho bado haufai, Verdine hauingii. Ngozi ya mikono yake ilibanduka kama ya viazi vilivyochemshwa, na doa jeusi lilikaa kwenye viwiko mpaka sikukuu ya Watakatifu Wote. Jaa bado lipo, refu kuliko kanisa. Lakini tuta la zamani limeota nyasi, na kaa wamelirudia, na mahali pale sasa ndipo ulipo mtaa wa matajiri wao.

Karnivali iliyofuata alitokea njia panda na kofia yake. Quamina alikuwa mbele kabisa, mikono kifuani, na sisi sote tukimsubiri afike kwenye kaa. Alianza na tetemeko, akaja kwenye gharika, bahari ikarudi nyuma, mkunga akaomba likizo. Aliiinua filimbi, akaitazama, akaishusha.

"Na kaa wa kinamasi hiki," alisema, "ni mabosi wangu. Wao wakiita, mimi ndiye ninayetoka shimoni."

Hakuna aliyemwambia athibitishe.

Jumatano ya Majivu, alama ya majivu bado ipo kwenye paji la uso, alikuwa kando ya barabara kwenye kigoda kile kile, Dularie hatua chache pembeni. Gari likapunguza mwendo. Dirisha likashuka.

"Wa wapi hawa, mama?"

"Wa kinamasini."

"Hawanuki?"

"Nusa."

Yule mtu akanusa. Dirisha likabaki chini.

Akachukua mtungo mmoja, kaa kumi, dola mia moja na ishirini.